Polianilini yangu inageuka buluu nikishaiosha

Mpimaji: Habari wakuu. Natengeneza polianilini (ile plastiki inayopitisha umeme) kwa anilini na amoniamu pasalfeti ndani ya asidi hidrokloriki. Unga unatoka kijani kizuri. Nauchuja, nauosha kwa maji yaliyokenekwa hadi pH ifike 7, ukikauka umeshaelekea buluu na kidonge chake kinasoma megaomu, yaani karibu hakipitishi umeme. Niongeze asidi wakati wa kutengeneza?

Kapasita: Tatizo liko kwenye kuosha. Asidi ya mwanzoni inatosha.

Mzee wa Elektrodi: Mkuu, nani kakwambia ufikishe pH 7? Kwa unga mwingine huo ni usafi, kwa huu ni kuuzima. Asidi haiupi mnyororo elektroni wala haiuchukulii. Protoni za asidi zinakaa kwenye naitrojeni za imini (zile zenye bondi mbili na kaboni), chaji chanya zinapata nafasi ya kuhama, kloridi inabaki kando kusawazisha. Ukizidisha maji, protoni na kloridi zinaondoka pamoja. Unachobaki nacho ni emeraldini besi, yaani polianilini isiyo na asidi, buluu, upitishaji umeme karibu 10⁻¹⁰ S/cm (siemens kwa sentimita). Ile ya kijani iko takriban 1 hadi 10.

Usiumwage. Ukoroge usiku kucha ndani ya HCl ya mola 1, uoshe kwa HCl hiyohiyo iliyopunguzwa makali, malizia na asetoni, kausha kwenye vakyumu kwa nyuzi 60 hivi. Tanuri kali sikushauri, HCl inaruka na umeme unashuka nayo. Halafu pima kwa ncha nne! Kwa ncha mbili unapima na ukinzani wa mguso wa waya.

Mpimaji: Shukrani mzee. Mbona PEDOT:PSS (plastiki nyingine inayopitisha umeme, PEDOT iliyochanganywa na polima ya PSS) wanaichovya kwenye asidi sulfuriki na inafika maelfu ya S/cm? Nami nijaribu?

Mzee wa Elektrodi: Hiyo kazi nyingine kabisa. PEDOT tayari imeoksidishwa, chaji inazo. Asidi sulfuriki iliyokolea inaondoa PSS iliyozidi, ambayo haipitishi umeme, na minyororo inajipanga upya. Ndiyo maana utando ulioanza chini ya 1 S/cm unaweza kupita 3000. Kwa polianilini, ukitaka mamia ya S/cm, badili asidi yenyewe: asidi ya kamfasulfoniki ndani ya m-kresoli. Anioni yake (ioni hasi inayokaa mahali pa kloridi) ni kubwa, hairuki ovyo kama HCl, na kiyeyusho kinanyoosha minyororo. Ila m-kresoli inaunguza ngozi na harufu yake haisahauliki. Glavu, na chemba ya hewa iwe inavuta kweli.

Kapasita: Na usikaushie karibu na chupa ya amonia. Mvuke wake peke yake unairudisha buluu.