Tupeane uzoefu: duka la midoli lililowatoa jasho mezani

Mleta mada: Wakuu wa D&D (ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kete), Jumamosi nawaingiza wachezaji wangu kwenye duka la midoli. Sitaki zimwi la kupigana nalo, maana watu wakishaanza kuhesabu HP (pointi za uhai) woga umekwisha. Nataka watoke wenyewe mbio. Yaliyowakuta, mwageni hapa.

Kete_Mbovu: DM wetu, yaani msimulizi anayeendesha mchezo, alikuwa na daftari. Nilidhani anaandika mambo ya maadui, kumbe anaandika upuuzi wetu. Kuna siku mhusika wangu, mwizi, aliliwa kamari akalipa kwa kifungo cha koti. Tukacheka, tukasahau. Wiki tano baadaye tunaingia dukani, rafu ya chini yuko mdoli wa koti la kijani, kifungo cha tatu hakipo. Nikauliza bei. Muuzaji akajibu, "Huyo bado sijammaliza." Hakuna kete iliyorushwa. Nikaweka simu chini, na mimi ni mtu wa simu.

mama_wa_orki: Kwetu dhahabu haikupokelewa. Mwenzetu alitaka farasi wa mbao wa kumpa mtoto tuliyemwokoa, bei ikawa lugha moja anayoijua mhusika wake. Akadhani utani: "Chukua Kidragoni." DM akamsogezea ufutio. Alifuta hadi karatasi ya mhusika wake ikachanika. Mchezo uliofuata tukaokota barua, imeandikwa Kidragoni.

Pwagu: Kama hujacheza kampeni ya Strahd ya 2016 (hadithi ndefu ya D&D iliyochapishwa), niruke, nitakuharibia utamu. Mjini Vallaki kuna Blinsky, fundi wa midoli. Midoli yake inatia kichefuchefu, ila yeye mwenyewe hana ubaya, anaamini kabisa anachekesha watoto. Sisi tulimpiga mshale kabla hajamaliza kutukaribisha. Halafu tukakuta midoli yenye sura ya Ireena, dada tuliyekuwa tunamsindikiza, na wa kumuuliza nani kaiagiza ndiyo huyo amelala chini. Mleta mada, muuzaji wako mfanye mwema. Utaona watakavyohangaika.

Zamu_Yangu: Langu fupi. Mdoli kanisalimia kwa jina la marehemu mama yangu (wa mhusika, jamani). Mchawi wetu akapiga Detect Magic, spelo ya kunusa uchawi, futi 30 kila upande, duka zima limo. DM akasema: "Hamna uchawi humu. Hata chembe." Tukatoka kinyumenyume. Ni miaka miwili sasa na hatujawahi kurudi.

Kete_Mbovu: @Zamu_Yangu ile spelo inazuiwa na bati jembamba tu la madini ya risasi. Mliwahi kumnyanyua huyo mdoli? Kichwa kilikuwa kizito?

Zamu_Yangu: …

Zamu_Yangu: Nimempigia DM. Anacheka tu.

Mleta mada: Risasi nachukua. Kifungo pia nachukua. Zamu_Yangu, pole.

Zamu_Yangu: Miaka miwili, mkuu.