Dishi la sm 120 Alicante: BBC hazipo kabisa, nyingine zinakata jioni

Mleta mada
Salaam wakuu. Nina kazi Torrevieja, kusini ya Alicante, Hispania, kwa wazee wa Kiingereza waliostaafu. Dishi ni ofseti (LNB yake imekaa pembeni, sio katikati) la sm 120, limeelekezwa nyuzi 28.2 mashariki zilipo satelaiti za Uingereza, king'amuzi ni cha zamani kisichoshika HD (picha kali). BBC zote hazipo hata ukiskani upya. Chaneli nyingine za Uingereza zinaingia asubuhi, ikifika jioni picha inaganda, inakatika vipande, mwisho kioo cheusi. LNB (kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi) na waya ni vipya. Wenyewe wanasema miaka ya nyuma dishi hilihili lilinasa kila kitu. Nianze na nini kabla sijawauzia dishi kubwa?

UngoMkavu
Mkuu, hayo ni magonjwa mawili, usiyape dawa moja.

BBC: Januari 2024 walizima chaneli zao za SD (picha ya kawaida) kwenye satelaiti, zikabaki za HD. King'amuzi chako hakisomi DVB-S2 (mfumo unaobeba hizo HD), kwa hiyo hata ufunge dishi la mita 3 hutaona kitu. Badilisha king'amuzi kwanza.

Kukata jioni: hapo uko ukingoni mwa mwale, yaani eneo ambalo satelaiti inalimulika. Februari 2014 chaneli kubwa za bure zilihamishiwa satelaiti ya Astra 2E, kwenye mwale uliobanwa uilenge Uingereza. Hiyo sio hitilafu, ndiyo nia yenyewe. BBC wanarusha bila kufunga chaneli kwa kadi tangu 2003, na haki walizonunua za filamu na mpira ni za Uingereza, kwa hiyo mwale mwembamba ndio kufuli lao. Na satelaiti haisimami tuli. Kila siku inayumba kidogo ndani ya nafasi yake. Aliye London hahisi, aliye ukingoni anapoteza dB (kipimo cha nguvu ya mawimbi) 2 au 3 na picha inaondoka.

Fundi_Koaksia
Naongezea: usikisie ukubwa wa dishi, pima. Nenda na mita inayoonyesha dB, sio kile kidude cha kupiga filimbi. Pima saa 2 usiku, kwenye masafa ya BBC HD yenyewe. Ukipima kwenye mwale wa Ulaya nzima mita itakuchekea na jioni utarudishwa.

HD ya 8PSK 2/3 (namna mawimbi yanavyopangwa, mita itakuonyesha) inadai karibu dB 6.6 ili ifunguke, 3/4 inadai karibu 7.9. Kutoka sm 120 kwenda 180 unaongeza dB 3.5, kwenda 240 unaongeza dB 6. Ukisoma dB 5 wakati wa usiku kwenye 3/4, lile la 180 litakupa 8.5. Picha ipo, ila mvua ya kwanza inaiondoa. Hapo nenda 240 moja kwa moja.

Mleta mada
Shukrani sana wakuu. Nikipata 240 la praimu fokasi (LNB inakaa katikati mbele ya dishi), hii LNB ya sasa nihamishie?

UngoMkavu
Hapana, na wengi huchemka hapohapo. LNB ya dishi la ofseti inatazama kwa pembe nyembamba, inafaa f/D (umbali wa LNB kugawa kwa upana wa dishi) ya 0.6 hivi. Dishi la praimu fokasi huwa 0.35 hadi 0.4, yaani limezama zaidi. Ukiiweka, inaona katikati tu na ukingo wote unakuwa pambo. Umelipia 240, unatumia kama 180. Tafuta LNB yenye flanji ya C120 (aina ya kiungio) na fidihoni (mdomo unaokusanya mawimbi) ya dishi husika, kisha isogeze mbele na nyuma milimita chache huku unasoma dB, halafu izungushe.

Fundi_Koaksia
Kulenga: hapo Alicante azimuthi (uelekeo wa dishi) ni karibu nyuzi 138.5 kutoka kaskazini halisi, mwinuko nyuzi 36.5. Ukiitwa Málaga ni 133 na 35.5. Mwale wa dishi lenyewe la 240, yaani kipande cha anga linachokiona, una upana usiofika nyuzi 1, wakati lile la 80 lina zaidi ya 2, kwa hiyo robo zamu ya nati inatosha kukupoteza. Kaza nati za pande mbili kwa zamu, macho kwenye mita, kwa sababu kukaza kwenyewe kunasogeza dishi.

Usilifunge ukutani wala kwenye ukingo wa paa. Upepo wa km 100 kwa saa unalisukuma kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 200. Mwaga zege ardhini, mita 1 kwa 1, kina sm 60, bomba la chuma la inchi 4 lisimame wima kabisa kwa timazi. Bomba likiinama kidogo, vipimo vyote vya mwinuko vinadanganya. Acha zege siku 7 kabla ya kupandisha dishi.

UngoMkavu
Na uwaambie wateja mapema, kabla hawajatoa pesa: BBC iPlayer imefungwa nje ya Uingereza, na satelaiti ikibadilishwa tena mwale unaweza kusogea. Andika hilo kwenye risiti.