Billy Pilgrim hana -ka-: vijana watazame filamu kwanza au wasome kitabu?

Mwalimu wa Section 58, Nakuru (mwanzilishi wa mada)

Wenzangu, hamjambo. Nina kundi la kusoma, vijana kumi na wanne, karibu wote wamemaliza kidato cha nne na wanasubiri vyuo. Tulimaliza riwaya mbili za Kiswahili bila tabu, nikajitia ushujaa nikawapa Slaughterhouse-Five ya Kurt Vonnegut, ya mwaka 1969. Sasa ni Jumamosi ya tatu na waliovuka sura ya pili ni watatu tu. Billy Pilgrim, mhusika mkuu, yuko vitani kwenye theluji mwaka 1944, hana koti wala bunduki. Fungua ukurasa, ni mjane aliyetajirika kwa kupima macho na kuuza miwani. Fungua mwingine, yuko uchi ndani ya kizimba cha maonyesho kwenye sayari ya Tralfamadore. Binti mmoja aliniuliza kwa upole kama nakala yake ilifungwa vibaya kule kiwandani.

Nataka Jumamosi ijayo niwaonyeshe filamu ya kitabu hiki, ile ya George Roy Hill ya 1972, ndipo tuendelee na kitabu. Mwalimu mwenzangu amekataa katakata. Mzazi mmoja naye amenipigia simu kuuliza vita vya Wazungu vinatuhusu nini. Naomba mnisaidie, lakini sikieni sababu yangu kwanza.

Sisi tukisimulia tuna -ka-. Akaondoka, akafika, akapigwa, akafa. Hiyo -ka- ni kamba, inafunga tukio la pili kwenye mkia wa la kwanza, na msikilizaji anaburutwa bila kujua. Vonnegut ameikata. Viumbe wake wa Tralfamadore huona nyakati zote kwa mpigo mmoja, kama sisi tunavyoitazama safu ya milima. Wangekuwa na Kiswahili, wangesema kwa hu- tupu: Billy huzaliwa, Billy huoa, Billy hufa. Hu- haina jana wala kesho. Vijana wangu wanasoma hu- huku wakitafuta -ka-, ndiyo maana wamekwama.

Filamu nayo haina -ka-. Mhariri Dede Allen amebandika picha kando ya picha, basi. Edgar Derby anachaguliwa kuwaongoza mateka wenzake, na kutoka hapo tunarushwa hadi kwa Billy miaka mingi baadaye, naye anahutubia Lions Club. Hakuna wa kutuambia "baadaye". Kijana akishazoea mruko huo kwa macho, ukurasa hautamtisha tena.

Mkaidi wa Njoro

Mwalimu, wimbo huu tunaujua. Kila mwaka vikundi vya maigizo huzunguka na vitabu teule vya mtihani. Mabasi ya shule yanajaa kutoka Molo na Subukia, watoto wanalipa, wanacheka, wanarudi bwenini wakiamini wamesoma. Niliwahi kusahihisha insha ambayo mwanafunzi alinukuu, tena kwa alama za mtajo, maneno ambayo hayamo popote katika tamthilia. Ulikuwa mzaha aliouchomeka mwigizaji ili watu wacheke.

Na kwa kitabu hiki hasa, unawanyima mlango. Sura ya kwanza si ya Billy hata kidogo. Ni Vonnegut mwenyewe, mateka wa vita aliyekuwa Dresden, Ujerumani, mji ulipopigwa mabomu usiku wa tarehe 13 Februari 1945 na siku mbili zilizofuata, akasalimika kwa sababu walikuwa wamefungiwa chini ya kichinjio, kwenye ghala la nyama. Anaeleza alivyohangaika miaka zaidi ya ishirini akishindwa kuandika. Anamtembelea rafiki yake wa vitani, na mke wa rafiki, Mary O'Hare, anagongesha barafu na kufunga milango kwa hasira. Mwishowe analipuka: mlikuwa watoto wadogo tu, lakini utaandika kana kwamba mlikuwa wanaume, halafu mtaigizwa na nyota wa sinema, Frank Sinatra na John Wayne. Vonnegut anamwapia kwamba hakutakuwa na nafasi ya hao wawili, na kwamba kitabu kitaitwa Vita vya Msalaba vya Watoto. Ndilo jina lake dogo mpaka leo.

Yaani kitabu kimeanza kwa kugombana na sinema, na wewe unataka kukianza kwa sinema! Filamu ya 1972 imeitupa sura hiyo yote. Vonnegut aliipenda sana, hilo nakubali, ila alilalamika kwamba kazi zake zikigeuzwa filamu huwa zinapungukiwa na mhusika mmoja, naye ndiye yeye.

Bodaboda Msomi, Kondele

Filamu ni dakika 104. Mmeshabishana zaidi ya hapo. Onyesheni. Atakayekipenda kitabu atakisoma, asiyekitaka asingekisoma hata mngemfungia chooni.

Nyar Nam, Kisumu

Mimi namjibu yule mzazi, kwa sababu nyinyi walimu mmempita.

Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw, Burma, mvua za 1944 zikinyesha, ikavuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Hayo nimeyapata vitabuni nikiwa mtu mzima. Yeye hakuwahi kutueleza kwa mpangilio. Anakula samaki, ghafla: "Matope yalikuwa mpaka hapa," akigusa paja. Halafu ng'ombe aliyemnunua aliporudi. Halafu mtu mmoja aliyekuwa akimwita ndugu, alizama. Halafu anaomba chumvi. Tulisema ni uzee. Mama alitukataza kumuuliza maswali ili "asichanganyikiwe zaidi". Nilipofika pale Billy anapoegemea mti msituni, na akili yake inarukia utotoni, baba anamtupa kwenye kina kirefu cha kidimbwi ili ajue kuogelea, nilikiweka kitabu mezani nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Kwa hiyo mwambie mzazi kwamba Gilgil, hapo hapo kwenu, kuna makaburi ya vita hivyo anavyoviita vya Wazungu.

Nyongeza kwa mwalimu: usiwaache vijana na hesabu ya kitabu. Vonnegut anaandika watu 135,000 walikufa Dresden. Nambari hiyo ilienezwa na David Irving, mwandishi ambaye mwaka 2000 mahakama ya London ilimwona mpotoshaji wa historia. Tume ya wanahistoria iliyoundwa na mji wenyewe ilitoa ripoti 2010: wasiozidi 25,000. Sisi tunaoishi na ile 1,133 ya Tume ya Waki, waliouawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, tunajua nambari ya wafu si jambo la kuachiwa mwandishi wa riwaya. Vijana wako walikuwa wachanga Januari 2008, wengine hawajazaliwa. Waulize kama nyumbani kwao kuna anayeisimulia Nakuru ya mwezi ule kwa -ka-.

Babake Taji, Kakamega

Nyar Nam, pole na asante. Mimi ni mfasiri, hivyo nina kidonda kingine. Kila kifo katika riwaya hufuatwa na maneno matatu, "So it goes". Yamo zaidi ya mara mia. Filamu imeyaacha. Mtu akiyakosa hayo amesoma nini?

Nimejaribu kuyatia Kiswahili mwezi mzima. Nilianza na "shauri ya Mungu", maana ndivyo wazee wetu wa jeshini walivyosema…

Mkaidi wa Njoro

Shauri LA Mungu.

Babake Taji, Kakamega

Mwalimu, waliokuwa Burma walisema "ya", na sitawasahihisha makaburini. Lakini nimeifuta, kwa sababu nyingine. "Shauri ya Mungu" inalipa jambo mwenyewe: kuna aliyepanga, tunamwachia. Maneno ya Vonnegut hayana mwenyewe. Chawa, bakteria na viroboto wanaokufa nguo za mateka zinapofukizwa dawa wanayapata. Shampeni iliyoishiwa povu inayapata. Nikimtwisha Mungu shampeni nimeharibu. "Basi tena" ina majuto, nayo haifai. Niliyempata mwisho ni mama wa sokoni, niliyemuuliza mbona debe la viazi limepanda: "Ndo hivyo." Uso mkavu, mkono tayari kwenye mfuko wa mteja mwingine. Ndo hivyo! Watu elfu kadhaa wameungua, ndo hivyo. Chawa wamekufa, ndo hivyo. Ukisoma mara ya kumi unacheka, mara ya hamsini unakasirika, mara ya tisini hujui unachohisi. Filamu haiwezi kukufanyia hivyo kwa sababu haiwezi kurudia bila kuchosha.

Ila niitendee haki. Mateka wanapoingia Dresden, mji mzima bado, sanamu juu ya mapaa, muziki wa Bach ukisikika kwa vidole vya mpiga piano Glenn Gould, na sisi tunajua kitakachoupata, nilisisimka kuliko kitabuni. Na mji wenyewe tunaouona ni Prague, imevalishwa jina la Dresden.

Mwalimu wa Section 58, Nakuru

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mkaidi, la Mary O'Hare umenishinda. Nimebadili mpango: Jumamosi tunaisoma sura ya kwanza kwa sauti, kwa zamu, hakuna kuruka. Kisha filamu. Kisha kila mmoja arudi nayo kitabuni akiwa na kalamu, atafute pale ambapo filamu imemuua mtu na "ndo hivyo" haikusemwa, aeleze kimewekwa nini mahali pake. Mathalani Derby. Kitabu kinatuambia mapema kabisa kwamba atapigwa risasi kwa sababu ya birika la chai, na kinaturudishia habari hiyo mara kwa mara mpaka tumeshamzika kabla hajafa. Katika filamu birika limekuwa kisanamu cha kauri, na hakuna msimulizi wa kututangazia. Ningependa kusikia vijana wakibishana ni kifo kipi kinauma zaidi. Mimi nasema cha kitabuni, ingawa sina hakika kama ni kwa sababu nilikisoma kwanza.

Kuhusu picha za uchi, kwa kuwa mzazi wa pili ameshapiga simu: zipo, chache. Vijana wawili hawajatimiza miaka 18. Hao wataisoma sura ya tano wakati wenzao wanatazama. Nilimweleza pia kwamba 1973, kule Drake, North Dakota, bodi ya shule iliamuru kitabu hiki kichomwe kwenye tanuri la shule. Alinyamaza kidogo, akasema yeye hakufika huko.

Mkaidi wa Njoro

Bado nasema mpangilio umeukosea. Wamalize kitabu, ndipo filamu.

Bodaboda Msomi, Kondele

Mwalimu, kitabu chenyewe hakina mpangilio, wewe unapigania upi?

Mkaidi wa Njoro

Wa mtihani, ndugu yangu. Huo hauruki.

Mwalimu wa Section 58, Nakuru

Kundi langu halina mtihani, Mkaidi, njoo ujionee. Tunaanza saa nane. Projekta yangu taa imefifia, mwenye nzuri aje nayo, pamoja na waya mrefu, soketi ya ukumbi iko upande wa mlango.