Naomba ushauri: sampuli za kaka ziko kwa Mkemia wa Serikali, tuzike au tungoje?

Msafiri_Kayole: Wadau, habari za jioni. Kaka yangu alikutwa amefariki kitandani Jumatatu asubuhi. Hakuwa mgonjwa. Daktari wa mochari alichukua damu, mkojo, kipande cha ini na vilivyokuwa tumboni, vikapelekwa kwa Mkemia wa Serikali. Mazishi ni Jumamosi, na basi la Machakos tumeshalipia. Tukizika kabla ya majibu, ushahidi si utapotea?

Mama_Shiro: Pole mwanangu. Chakula alipikiwa na nani?

Msafiri_Kayole: Shemeji alimwachia githeri akaenda shifti ya usiku. Mama anasema ni sumu. Polisi walibeba sufuria na mfuniko wake.

Mama_Shiro: Wasichana wa siku hizi! Kijana wangu nilimkanya, akaoa tu. Sasa kila Krismasi nakula nikimwangalia yeye kwanza.

Kamanda_Roysambu: Mimi nikienda, msinipasue. Mtura ndio ulioniua, andikeni hivyo.

Nyuma_ya_Maabara: Zikeni, kilichotakiwa kimeshatolewa. Ningeuliza tu kama damu ilitoka mshipa wa paja, maana mtu akishakufa, dawa huvuja kutoka ini na mapafu zikaharibu hesabu ya damu ya moyoni. Lakini hakuna mashine moja inayojua sumu zote. Dawa ya wadudu ina kipimo chake, methanoli chake. Mkemia hufuata maelezo aliyopewa. Alilala wapi? Na nani?

Dereva_Rongai: Hivi vipimo niulizeni mimi. Kazini walinipima mkojo, kile kikopo kikaniita mvuta heroini! Nilikaa nyumbani wiki mbili mpaka mashine kubwa ikasema ni kodeini, dawa ya kikohozi niliyoandikiwa na daktari. Kuombwa msamaha? Wapi!

Msafiri_Kayole: Chumba kimoja cha mabati. Inahusu nini?

Nyuma_ya_Maabara: Julai hii, mlikuwa na moto ndani?

Msafiri_Kayole: Jiko la makaa. Mimi ndiye niliyeliingiza, baridi ilikuwa inauma. Nililala sakafuni mlangoni, nikaamka kichwa kinagonga. Lakini makaa yalikuwa yameshika yote, hata moshi hakuna. Nikisema sasa, mama amepoteza wawili. Si afadhali tungoje ripoti iseme yenyewe?

Nyuma_ya_Maabara: Itasema nini kama haikuulizwa? Kabonimonoksaidi, gesi ya sumu itokayo kwenye makaa, haina moshi wala harufu. Hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na hubaki humo hata mtu akishakufa. Maiti haivuti hewa, kwa hiyo ikipatikana damuni, aliivuta akiwa hai. Waliokufa nayo, kiwango mara nyingi huvuka asilimia 50. Ila msako wa kawaida wa dawa na sumu hauioni, lazima iombwe. Damu ipo. Mwambie mpelelezi leo leo.

Mzee_wa_Kagua: Tusichezewe. Juu kaandika "alikutwa", kama habari ya gazeti. Sasa alikuwa naye chumbani? Nani alimkuta? Huyu anatunga, kesho tutaisikia TikTok na muziki wa huzuni.

Kamanda_Roysambu: Na mimi nilikuwa nishatoa chozi moja.

Msafiri_Kayole: Nilimkuta mimi. Uso ulikuwa na rangi nzuri, midomo kama ya mtoto aliyetoka kuoga. Nikadhani anajifanya amelala, nikamvuta blanketi.

Mzee_wa_Kagua: Hata mimi ningeandika hivyo.

Nyuma_ya_Maabara: Hujawahi kuiona hiyo rangi ya aliyeuawa na gesi hiyo, mzee. Mimi nimeiona.

Mama_Shiro: Kijana, shemeji yako yuko wapi saa hii?

Msafiri_Kayole: Kituoni. Tangu jana.

Mama_Shiro: Ngai! Na watoto?

Msafiri_Kayole: Wako kwa jirani. Mama hataki kuwaona.

Dereva_Rongai: Uko Kayole upande gani? Nashusha abiria wa mwisho, nikupitie twende kituoni.