Nyota nne zenye umbo la msalaba kwenye picha yangu: ni Salibu au siyo?

Mkesha

Habari zenu wakuu. Naomba macho yenu kwenye picha hii, maana nimeitazama siku mbili mfululizo na roho haijatulia.

Niliipiga katikati ya Februari, saa 3:40 usiku, hakuna mwezi. Nilielekea kusini, nikainua simu kiasi, picha ikiwa ya kulala. Niko kama digrii 5 kusini mwa ikweta. Sikuwa na stendi, kwa hiyo nilijaza mchanga kwenye mfuko, nikauweka juu ya meza na kuiegemeza simu hapo. Sekunde 20, ISO 1600, na nilitegesha simu ijipige yenyewe baada ya sekunde 10 ili kidole kisiitikise. Lenzi ni ile kuu, si ile pana.

Kushoto kidogo ya katikati kuna nyota nne zimekaa msalaba ulioinama. Nilipoziona kwenye skrini moyo ulinienda mbio. Salibu, yaani Msalaba wa Kusini, nimeisikia tangu utotoni na sijawahi kuonyeshwa na mtu, nikasema leo nimeipata mwenyewe. Hata rangi inakubali: nyota ya ncha moja ya ule mti mrefu ni ya machungwa, nami nimesoma kwamba Gacrux, nyota ya ncha ya Salibu, ina wekundu.

Sasa nimeipakia picha kwenye tovuti ya Astrometry, ile inayotambua nyota. Pale penye msalaba wangu imeandika Carina na Vela. Salibu haikutajwa popote. Tovuti imekosea, au mimi? Semeni ukweli tu, sitakasirika.

Suheli

Mkesha, kwanza hongera. Umetoa saa, tarehe, uelekeo, latitudo na lenzi. Wengi huleta picha tupu na kuuliza "hili kundi gani?", na hapo tunabaki kubahatisha.

Tovuti haikukosea. Ulichopiga ni Msalaba wa Uongo, na umewapotosha watu wengi kabla yako, mimi nikiwemo. Hauhesabiwi kati ya makundinyota 88 rasmi. Nyota zake mbili, Avior na Aspidiske, ni za kundi la Mkuku, ambalo kimataifa huandikwa Carina. Mbili nyingine, Alsephina na Markeb, ni za Tanga, yaani Vela. Zamani yote hayo yalikuwa kundi moja kubwa mno, merikebu iliyoitwa Argo, hadi karne ya 18 Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille alipoigawa: mkuku, tanga na shetri. Napenda sana kwamba kwetu majina hayo hayahitaji maelezo. Aliyewahi kuona jahazi anayajua yote matatu.

Kuhusu rangi, hapo ndipo mtego ulipo. Avior nayo ni ya machungwa, nayo iko kwenye ncha ya mti mrefu, kama Gacrux ilivyo kwenye Salibu. Kwa hiyo rangi peke yake haiwezi kukuamulia hapa. Umbo nalo ni hivyo hivyo. Kinachoamua ni ukubwa.

Fanya hivi. Fungua picha kwenye programu yoyote inayoonyesha pikseli, upime kutoka Avior hadi nyota ya ncha ya pili ya mti huo mrefu. Kama lenzi yako ni sawa na milimita 26 na picha ina upana wa pikseli 4000, basi karibu na katikati digrii moja ni kama pikseli 52. Mti mrefu wa Salibu una digrii 6, yaani pikseli 310 hivi. Wa Msalaba wa Uongo unazidi digrii 9, karibu pikseli 490. Tofauti hiyo haifichiki.

Na angalia mwanga. Nyota nne za Msalaba wa Uongo zinakaribiana kwa ung'avu. Kwenye Salibu, Acrux, nyota ya mguuni, inawaka sana, ya nne ni hafifu kwa mbali, na kuna ya tano ndogo, Ginan, imejibanza pembeni kati ya mikono miwili. Huyo mdogo ukimwona umemaliza kazi.

Ushahidi wa mwisho: nyota kali kuliko zote kwenye picha yako, ile ya kulia juu kidogo, ni nyota Suheli (Canopus), ya pili kwa ung'avu katika anga lote la usiku baada ya Shira (Sirius). Saa ile Salibu ya kweli ilikuwa ndiyo kwanza inachomoza, digrii kama 10 tu juu ya upeo, kusini kuelekea mashariki. Ilikuwa chini ya ukingo wa picha yako.

Lenzi26

Mkuu Suheli kamaliza. Naongeza jambo moja la upande wa kamera, maana linawatesa wanaoanza.

Kamera huona nyota nyingi kuliko jicho. Ukiacha sekunde 20 penye giza zuri, hasa ukielekea Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota angani, zile nne unazozijua zinazama kati ya mamia usiyoyajua, na kundi linapotea mbele ya macho yako. Mimi hutengeneza nakala ya picha na kuipunguza hadi upana wa pikseli 600 hivi. Nyota hafifu zinamezwa, kali zinabaki, na ghafla anga inafanana na ile uliyoiona kwa macho. Kuitia ukungu kidogo kwenye programu ya kuhariri pia kunasaidia, ila usiipakie nakala hiyo kwenye Astrometry. Yenyewe inataka nyota kali zenye mpaka, kwa sababu inachukua nyota nne nne, inapima jinsi zilivyokaa kwa uwiano, kisha inatafuta uwiano huo huo kwenye orodha yake. Haijali picha imepinduka au imekuzwa kiasi gani. Ikishindwa, kata kingo ubakize katikati, maana kingoni lenzi huvuta umbo, na ondoa miti na mapaa.

Bi Kilimia

Wanangu, hiyo ya kupinduka imenigusa. Mwaka jana nilikaa wiki nzima na picha ya kundi la Jabari (Orion) isiyokubaliana na ramani. Ukanda wa nyota tatu upo, Ibuti la Jauza (Betelgeuse) nyekundu ipo, Rijili (Rigel) ya buluu ipo, lakini kila nikiigeuza ramani Shira inaangukia upande usiofaa. Kumbe nilipiga kwa kamera ya mbele, nayo ilihifadhi picha kama kioo. Picha ya kioo hata uizungushe mara ngapi haitalingana na ramani.

Sasa kabla ya lolote nafanya jaribio hili. Natoka Ibuti la Jauza, naenda Bellatrix, halafu Rijili, halafu Saiph. Nikizunguka kufuata mishale ya saa, picha ni sawa. Nikizunguka kinyume, ni kioo. Jabari awe amelala akichomoza au amesimama, jibu halibadiliki. Sisi tulio karibu na ikweta tunalihitaji hasa, kwa sababu ramani nyingi zimechorwa kwa watu wa kaskazini wanaomwona amesimama wima, na kwetu anachomoza kalala ubavu.

Mkesha

Shikamoo Bi Kilimia, na asanteni nyote.

Nimepima. Pikseli 487. Nilirudia mara tatu nikitumaini zitapungua, hazikupungua. Basi ni Msalaba wa Uongo, nimekubali.

Jana sikulala mapema. Saa 4 usiku nilitoka nikaona kitu kidogo kikining'inia juu ya miti, kimelala ubavu. Nikangoja. Saa 7 kilikuwa kimepanda vizuri, na chini yake kushoto zilikuwa zimechomoza nyota mbili kali zinazofuatana, Rijili Kantori na Hadar. Msalaba wa Uongo hauna mbili kama hizo za kuuelekeza. Nikapiga kwa sekunde zile zile na lenzi ile ile. Pikseli 318! Na Ginan yupo, mdogo kweli, pale pale aliposema mkuu. Kando ya Acrux kuna doa jeusi kwenye Njia Nyeupe. Nilidhani ni uchafu wa lenzi, nikaifuta na kupiga tena, nalo likabaki palepale.

Swali moja la mwisho. Katikati ya misalaba miwili, kwenye picha zote mbili, kuna kidoa cha rangi ya waridi. Ni nini?

Suheli

Doa jeusi ni Mfuko wa Makaa, wingu la vumbi linaloziba nyota za nyuma yake. Lenzi yako ni safi.

Hicho cha waridi ni Nebula ya Mkuku: gesi ya hidrojeni inayowashwa na nyota changa, umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 7,000. Ilikuwemo hata kwenye picha ya kwanza, chini kushoto ya ule msalaba uliokusumbua. Leo usiku ukizoea giza kwa dakika 20 bila kuwasha simu, itafute kwa macho matupu. Utaiona kama kipande cha Njia Nyeupe kilichong'aa kuliko vingine. Ukiwa na darubini ya macho mawili, chukua hiyo, kisha uje utuambie ulichoona.