Naomba ushauri: televisheni ya bei nafuu kwa ajili ya gemu za watoto

Mama Wawili
Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Wanangu wawili, wa miaka 8 na 12, waliletewa na mjomba wao mashine ya gemu, PS4 Slim iliyotumika, na tangu ifike hakuna anayetazama taarifa ya habari sebuleni kwa amani. Nataka kuwanunulia televisheni yao ya chumbani, na nimetenga Sh 450,000. Nilipozunguka Kariakoo, muuzaji mmoja alinisisitizia ya inchi 43 yenye 4K (picha ya nukta nyingi zaidi), ya jina nisilolifahamu, kwa kuwa bei yake inakaribiana na ya inchi 32 ya kampuni inayojulikana. Kinachonitatiza zaidi ni kwamba hata kwenye televisheni ya sebuleni mkubwa analalamika kuwa pedi (kile kidude cha mkononi cha kuchezea) inachelewa: anabonyeza, na kipa anaruka mpira ukiwa umeshatinga wavuni. Nimenunua pedi ya pili, lakini tatizo liko vilevile. Nichague ipi?

Fundi Runinga
Dada, pole kwa gharama, lakini nadhani pedi haina kosa. Televisheni za siku hizi huichakata picha kabla ya kuionyesha. Huing'arisha na kuulainisha mwendo wake, na kazi hiyo huchukua muda. Kwenye filamu hutaligundua hilo, kwa sababu sauti husubirishwa iende sambamba na picha, lakini kwenye gemu kidole cha mtoto kimeshabonyeza ilhali picha bado iko njiani. Usiku huu, mashine ikiwa imewashwa, ingia kwenye mipangilio ya picha na uchague hali iitwayo Game. Fanya hivyo ukiwa kwenye tundu lilelile la HDMI (la waya wa picha na sauti) linalotumiwa na mashine, maana baadhi ya televisheni huhifadhi mipangilio ya kila tundu peke yake.

Kuhusu 4K, PS4 Slim haitoi picha zaidi ya nukta 1920 kwa 1080, yaani Full HD, kwa hiyo utalipia kitu ambacho mashine yenu haina uwezo wa kukitumia. Kuwa makini pia na inchi 32: nyingi zina kioo cha 1366 kwa 768, hata pale boksi linapoandikwa Full HD, kwa sababu tu zinaweza kupokea picha ya kiwango hicho. Muulize muuzaji namba za kioo chenyewe. Maandishi madogo ya gemu yasiposomeka vizuri, watoto watasogea mpaka pua ikaribie kugusa kioo.

Baba Nasra
Mimi ningeanza na kioo. Mwanangu alifungwa bao la dakika ya mwisho, akairusha pedi, na pale ilipogonga pakatokea ufa mmoja, kisha mistari ya rangi ikashuka mpaka chini. Fundi alinitajia bei ya kioo iliyokaribia ya televisheni mpya, na waranti haikugusa kioo kilichopasuka. Sasa tuna ya dabo glasi, yaani yenye kioo cha ziada cha kinga mbele. Ni nzito na hurudisha mwanga wa dirisha, lakini mwaka wa pili huu iko salama. Popote utakapoiweka, ifunge ukutani kwa braketi imara. Juu ya kimeza mtoto anaweza kuivuta ikamwangukia.

Mkazi wa Tanga
Naomba kutofautiana kidogo kuhusu ukubwa. Watoto wawili wakicheza gemu inayogawa kioo nusu kwa nusu, kwenye inchi 32 kila mmoja hubaki na kipande kidogo sana. Kama chumba kina nafasi, inchi 43 ya Full HD, hata iliyotumika, inafaa kutafutwa.

Fundi Runinga
Hoja ya ndugu yetu ni ya kweli, ila kama watakaa mita moja na nusu hivi kutoka kwenye kioo, 32 inawatosha. La muhimu ni kuijaribu dukani kwa mashine yenu wenyewe. Ikiwa mna king'amuzi, hakikisha televisheni ina matundu mawili ya HDMI.

Mama Wawili
Nawashukuru sana. Hali ya Game nimeipata, ilikuwa imefichwa ndani kabisa ya menyu, na jana mkubwa alidaka penati mbili akaja kunivuta mkono nione. Chumba chao ni kidogo, kwa hiyo nitachukua inchi 32 ya dabo glasi, yenye 1920 kwa 1080 na hali hiyo ya gemu. Jumamosi nitakwenda Kariakoo na mashine na pedi moja kwenye mkoba, na mkubwa ndiye atakayeijaribu.