Bosi kalazimisha AI kwenye kila dizaini, tunafanyaje wakuu?

mchora_mabango:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana kichwa kinaniuma. Mimi ni disaina kwenye ofisi ya uchapaji hapa Dar, tunafanya mabango, tisheti, kadi za harusi, vipeperushi vya makanisa, kalenda msimu wake ukifika, kazi zote za mjini. Sasa bosi alienda semina ya mambo ya uongozi na teknolojia huko hotelini akarudi na moto wake, tangu hapo kila dizaini lazima ianzie kwenye AI na kazi tuliyokuwa tunapewa siku nzima sasa tunapewa saa moja. Sio kwamba naichukia AI jamani, mwenyewe naitumia kufuta bakgraundi na kusafisha zile picha mbovu za WhatsApp wanazotuletea wateja, pale inasaidia sana. Shida ukiiachia bango zima inaandika Kiswahili cha ajabu, "Karibu" inakuwa "Kraibu", bibi harusi ana vidole sita, na kadi ya sendofu ya Moshi haina tofauti na ya Tanga, na zote mbili zinafanana na bango la saluni. Wateja wanarudisha, tunarudia kazi usiku, na ovataimu hatulipwi kwa sababu kwenye karatasi ile ilikuwa kazi ya saa moja.

Halafu kaweka programu kwenye kompyuta zetu inahesabu mausi imesogea mara ngapi. Yaani ukitulia unafikiria rangi unaonekana mvivu. Jamaa wameshapata dawa yake, mkono huu unatikisa mausi mkono ule unaperuzi simu hahaha. Naongeaje na mzee huyu asinione nimepitwa na wakati?

kijana_wa_data:
Mkuu bila kukuficha, badilika au kaa pembeni. Kodak walitengeneza kamera ya dijitali 1975, injinia wao Steve Sasson, wakaifungia kabatini ili kulinda filamu zao, Januari 2012 wakakimbilia mahakamani na madeni. Ndio nyie mnaolilia vidole sita. Vidole vyenyewe matoleo mapya yanarekebisha.

Bi_Zena:
@kijana_wa_data hiyo stori ya Kodak kila semina ipo na kila semina inasimuliwa nusu. Kamera ya Sasson ilikuwa na kilo kama 3 na nusu, picha nyeusi na nyeupe, sekunde 23 kurekodi picha moja kwenye kaseti, nani angenunua kitu hicho 1975? Na baadaye Kodak waliuza sana kamera za dijitali, 2005 walikuwa wanaongoza kwa mauzo Marekani. Tatizo faida yao ilikuwa kwenye filamu na kusafisha picha, kamera mpya hazikuwa na faida ya namna ile, mara simu zikaja zikameza hata kamera zenyewe. Fujifilm, nao watengeneza filamu, walipigwa na dhoruba hiyo hiyo, wao wakakaa wakajiuliza watu wetu wanajua nini, wakakuta wanajua kemikali, wakaingia kwenye vipodozi na filamu za skrini za LCD, mpaka leo wapo.

Mnasahau wa hapa jirani. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya 2005 lengo lilikuwa watu walipe kwa simu mikopo midogo ya Faulu, taasisi ya kukopesha. Watu wakaanza mambo yao, wanatumiana hela wenyewe kwa wenyewe, wengine wanaweka hela kabla ya kupanda gari wanaitoa wakifika ili wasiibiwe njiani. Akina Nick Hughes na Susie Lonie waliokuwa wanasimamia wangeweza kusema wateja hawafuati maelekezo. Badala yake wakaangalia watu wanafanya nini, habari ya mikopo ikawekwa pembeni, Machi 2007 ikazinduliwa kama huduma ya kutuma hela nyumbani. Sasa huyo bosi amewahi kukaa hapo kaunta hata nusu saa akaona mteja anavyoeleza anachotaka? Mama wa kamati anasema "weka rangi iliyopoa", disaina anaelewa, AI haijui hata nani kaongea.

kijana_wa_data:
Kwa Kodak nimekusoma dada, ila mteja wa Kariakoo hasubiri siku nzima.

fundi_laini:
Mimi niko Athi River, kiwandani, kazi yangu kukagua ubora. Someni habari za kiwanda cha magari cha GM (General Motors) cha Fremont, California. Kilifungwa 1982, wafanyakazi walikuwa na sifa mbaya, utoro, pombe kazini, kila aina ya vituko. 1984 kikafunguliwa tena GM wakishirikiana na Toyota, wakakiita NUMMI, na wengi waliorudi ni wale wale. Toyota wakampa kila mtu wa laini ya kuunganisha magari kamba, ukiona kosa unavuta, kiongozi wa timu anakuja hapo hapo mnasaidiana, mkishindwa laini inasimama. Fikiria mtu aliyekuwa anaambiwa laini isisimame kwa vyovyote sasa anaambiwa wewe ndio usimamishe. Ubora ukapanda haraka sana. GM walipotaka kuiga kwa viwanda vyao vingine ikawa shida kwelikweli, kununua kamba ni rahisi, kuzuia msimamizi asimfokee aliyeivuta ndio kazi.

Kwenu AI imeletwa bila kamba. Nani hapo ofisini ana ruhusa ya kusema hili bango halichapwi?

Mama_Nasra:
Mdogo wangu mimi ni mwajiri, nina ofisi kama yenu Mwanza, ndogo tu. Ukienda kwa bosi na neno ubunifu hakusikii. Bango la mita 3 kwa 2 likirudiwa, ile malighafi na wino nani analipa? Ni yeye. Mwombe mhasibu mtoe oda zote zilizorudishwa tangu mfumo mpya uanze na za kipindi kama hicho kabla yake, mweke na gharama, karatasi moja tu. Usimwambie mbele ya wenzako, mkute asubuhi kabla wateja hawajajaa, na anza na yale AI inayowasaidia ili ajue hukuja kupinga. Ovataimu ni haki yako, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, ukizidisha unalipwa mara moja na nusu, ila hilo liweke akiba, usifungue nalo mazungumzo.

Hiyo programu ya mausi na mimi waliniletea nikawarudisha nayo. Disaina wangu mkali kuliko wote anaweza kukaa anazungusha kalamu mpaka unataka kumfukuza, akigusa kompyuta anamaliza.

mchora_mabango:
Asanteni sana wakuu. Mhasibu ni mshkaji wangu, Jumatatu naanza naye. @fundi_laini nitaomba kamba moja tu, mtu wa kusoma Kiswahili kabla ya kuprinti. La mausi siligusi kwanza.

kijana_wa_data:
Na akikubali usisahau kumwomba hiyo saa moja iwe tatu, maana huyo msomaji naye anahitaji muda.